Vipepeo wa upande wa kushoto

Kipepeo wa kwanza niliyemchorea shangazi alikuwa mkubwa kama kiganja, wa rangi ya njano, na alitua katikati ya skrini akatulia tuli. Kazi ya shangazi ilikuwa moja: kuuburuta mkono wake wa kushoto juu ya meza, kitambaa laini kikiwa chini ya kiganja ili usikwame, mpaka alama ya mkono kwenye skrini imguse yule kipepeo. Umbali wa sentimita 10 tu. Ilimchukua sekunde 11. Kipepeo aliporuka, shangazi alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu kiharusi kimpate miezi mitatu nyuma, kisha akasema, "Haya, mlete mwingine."

Maneno hayo matatu yalinipa kazi ya mwaka mzima. Mwingine wa namna gani? Mdogo zaidi? Wa mbali zaidi? Anayehamahama? Ukimleta rahisi mno, shangazi ataboreka na atasema gemu hii ni ya watoto. Ukimleta mgumu mno, ataukunja mkono wake kifuani na kusema leo basi. Kati ya hapo pana uchochoro mwembamba, na kila siku uchochoro wenyewe unahama.

Mimi ni mwandishi wa programu, lakini kazi yangu ya kila siku ni mifumo ya kuhesabia mali za ghala. Gemu sikuwahi kuandika. Vifaa nilivyotumia ni laptopu, kamera ndogo niliyoifunga kwenye taa ya mezani ikitazama chini, na soksi ya rangi ya machungwa ambayo shangazi huivaa mkononi. Programu inatafuta doa la rangi ile kwenye picha ya kamera, inajua liko wapi, basi. Mkono wa kulia unabaki mapajani.

Kwa nini gemu, na siyo mazoezi ya kawaida? Kwa sababu ya hesabu. Mwaka 1996, mtafiti wa ubongo Randolph Nudo na wenzake walionyesha kwamba nyani wadogo walioumizwa sehemu ya ubongo inayoongoza mkono, wakifundishwa tena kuutumia mkono huo, sehemu za jirani zilizobaki nzima ziliulinda mkono usipoteze nafasi yake zaidi ubongoni. Lakini wanyama wa majaribio ya namna hiyo hurudia tendo moja mara mamia kwa siku. Catherine Lang na wenzake walikaa wakahesabu watu wenye kiharusi hurudia mara ngapi katika vikao vyao vya mazoezi, na mwaka 2009 wakachapisha jibu: matendo ya mkono yenye kusudi yalikuwa wastani wa 32 kwa kikao. Thelathini na mbili! Niliposoma namba ile nilifunga laptopu nikaenda kumtazama shangazi alivyokuwa akigeuza kikombe cha plastiki juu chini, juu chini, macho yake yakiwa dirishani. Hakuna binadamu anayeweza kugeuza kikombe mara 300 bila moyo kumkatika. Ila mtu anaweza kuwafuata vipepeo 300, kama kila kipepeo anastahili kufuatwa.

Hapo ndipo ugumu unapoingia, na hapo ndipo nilipokosea kwanza.

Gemu nilizokulia nazo zilijengwa zimshinde mchezaji. Za mashine za sarafu hasa: ukifa upesi, unaingiza sarafu nyingine. Katika Space Invaders ya mwaka 1978, kadiri unavyowaua maadui ndivyo waliobaki wanavyokwenda kasi. Mtengenezaji wake, Tomohiro Nishikado, hakuipanga hivyo mwanzoni. Kompyuta ya mashine ilikuwa na maadui wachache zaidi wa kuchora, ikawachora haraka zaidi, naye akaiacha kasi ile kwa sababu ilinogesha mchezo. Ugumu wa namna hiyo una mwelekeo mmoja tu, juu, na nilikuwa nao damuni bila kujua. Toleo langu la kwanza lilisema: kila vipepeo kumi ukiwapata, wanaofuata waje mbali zaidi na waondoke mapema zaidi.

Wiki ya pili alama za shangazi zilikuwa zikipanda vizuri mno. Nilichora grafu nikamwonyesha mtaalamu wa fiziotherapia anayekuja kumhudumia, nikitarajia sifa. Hakuitazama grafu. Alivuta kiti, akakaa ubavuni mwa shangazi badala ya nyuma yake kama nilivyozoea mimi, akamwangalia akicheza kwa dakika nne hivi. Kisha akasema, "Anayecheza ni mgongo, siyo mkono."

Nikasogea alipokuwa amekaa yeye, nikaona. Shangazi alikuwa akiinamisha kiwiliwili kizima mbele, bega limepandishwa mpaka karibu na sikio, na kiwiko kilikuwa kimejikunja vilevile kama siku ya kwanza. Soksi ilisafiri sentimita 25, lakini iliyosafiri ilikuwa ni mwili wote. Kamera yangu iliona soksi tu. Bega lilikuwa limeanza kumuuma usiku, naye hakusema, kwa sababu alizipenda zile alama na alijua mimi pia nazipenda. Jambo hilo liliniumiza na linaniuma hadi leo. Gemu yangu ilimfundisha njia ya mkato, ikampongeza, na kila alipoizoea ikamwongezea kazi juu yake.

Tukabandika kipande cha kitambaa cha kijani begani. Kamera ikapandishwa kidogo ili ikione. Kikisogea mbele zaidi ya sentimita 4, vipepeo wanafunga mabawa na kusubiri. Hakuna alama inayokatwa, hakuna mlio wa kukaripia. Wanasubiri tu mpaka mgongo urudi kwenye kiti. Siku ya kwanza ya mpango huo, vipepeo walishuka kutoka sitini na kitu hadi 28. Shangazi alinitazama kama nimemnyang'anya kitu chake. Yule mtaalamu ndiye aliyemweleza, kwa kumshika kiwiko na kukinyoosha polepole: "Mama, hawa 28 ni wa mkono wako. Wale wengine hawakuwa wako."

Tangu siku ile nimeacha kuuita ugumu kwa namba moja.

Kuna kanuni ya Paul Fitts ya mwaka 1954 ambayo watengenezaji wa programu tunaipenda: muda wa kufikia shabaha unategemea umbali wake na upana wake. Ukiongeza umbali mara mbili na upana mara mbili, ugumu kwa kanuni hiyo unabaki palepale. Kwa kidole changu kwenye skrini ni kweli tupu. Kwa mkono wa shangazi haikuwa hivyo hata kidogo. Kipepeo mkubwa wa mbali alimtaka akinyooshe kiwiko dhidi ya misuli iliyokakamaa. Kipepeo mdogo wa karibu alimtaka autulize mkono mahali pamoja bila kutetemeka. Hizo ni kazi mbili tofauti, na kuna siku moja iliwezekana na nyingine ikagoma. Kwa hiyo nikazitenganisha: ngazi ya umbali peke yake, ngazi ya upana peke yake.

Nasema ngazi kwa sababu ndivyo zilivyo. Wapimaji wa masikio wana mbinu ya zamani, aliyoieleza vizuri H. Levitt mwaka 1971: msikilizaji akijibu sawasawa mara mbili mfululizo, sauti inapunguzwa hatua moja, akikosa mara moja, inaongezwa hatua moja. Ukiiacha iende, inajituliza yenyewe mahali ambapo mtu anapatia asilimia 70.7. Hesabu yake ni nyepesi: ngazi inatulia pale nafasi ya kupanda inapolingana na ya kushuka, yaani pale uwezekano wa kupatia mara mbili mfululizo unapokuwa nusu, na kipeuo cha pili cha nusu ndiyo hiyo 0.707. Nilifurahi sana kuikuta. Mistari kumi ya programu, na gemu inamfuata mtu popote aendapo, juu na chini.

Nikaiweka. Shangazi akaichukia.

Asilimia 70 ina maana kwamba katika kila vipepeo kumi, watatu wanakuponyoka. Kwa kijana mwenye afya hiyo ndiyo raha yenyewe. Kwa mtu ambaye tangu asubuhi kikombe kimemponyoka, kitana kimemponyoka, na mlango umemshinda, hao watatu ni nyongeza kwenye deni refu. Nikabadilisha: apatie mara tatu mfululizo ndipo ngazi ipande. Hapo inatulia kwenye asilimia 79.4. Tofauti ya kipepeo mmoja katika kumi. Wiki hiyo alicheza siku sita kati ya saba, na ile moja aliyokosa tulikuwa na msiba. Sidai kwamba 79.4 ni namba ya kila mtu. Ilikuwa yake, kwa miezi ile. Baadaye, mkono ulipopata nguvu, yeye mwenyewe alitaka turudi kwenye mbili.

Sasa nije kwa wale vipepeo wa kushoto.

Kiharusi cha shangazi kilikuwa upande wa kulia wa ubongo. Mara nyingi kiharusi cha upande huo hakipoozeshi mkono tu. Kinafifisha pia habari za upande wote wa kushoto. Macho yanaona, lakini ubongo hauendi huko. Shangazi alikuwa akichana nywele za upande mmoja na kuridhika. Kwenye gemu, kipepeo akitua pembeni kushoto, shangazi alikuwa anangoja mwingine aje, hana habari kwamba yupo mmoja anayepiga mabawa. Programu yangu iliandika: amekosa. Ngazi ikashuka. Ikafanya vipepeo wote wawe wakubwa na wa karibu, hata wa katikati na wa kulia, ambao alikuwa akiwamudu vizuri. Basi nusu ya meza ikawa ya kitoto na nusu nyingine ikabaki giza lilelile, maana kumkuza kipepeo hakumsaidii mtu ambaye hatazami huko.

Ilinichukua siku nyingi kuelewa kwamba kukosa kuna sababu zake, na kwamba gemu isiyojua sababu haina haki ya kubadilisha chochote. Niliigawa meza katika vyumba sita, kila chumba na ngazi zake. Kisha nikauliza swali la mwanzo kabla ya yote: soksi ilisogea au haikusogea? Kama mkono ulianza safari ukashindwa kufika, hilo ni tatizo la mkono, punguza umbali. Kama haukuanza kabisa, usiguse ngazi, msaidie kuona. Nikachora mstari mwekundu mnene ukingoni kushoto mwa skrini, na sauti ya mabawa ikawa inatokea kwenye spika ya kushoto. Mtaalamu alimfundisha autafute ule mstari kwanza kabla ya kila kipepeo. Mwezi mzima nilisikia shangazi akijinong'oneza, "Nyekundu kwanza, nyekundu kwanza," na siku moja nikamsikia akilisema hilo mbele ya kioo, kitana mkononi.

Uchovu nao ulinidanganya. Dakika 15 za mwanzo alipanda, dakika tano za mwisho akaporomoka, na kesho yake programu ikaanzia pale alipoporomokea. Kila asubuhi alikutana na gemu iliyomdharau. Nikarekebisha ianzie hatua mbili chini ya kilele cha jana, hilo lilikuwa jepesi. Kilichonishangaza ni kumbukumbu za muda. Nilikuwa naandika sekunde zinazopita tangu kipepeo atokee mpaka soksi ianze kusogea. Mwanzoni ilikuwa chini ya sekunde moja. Kufikia dakika ya kumi na kitu ilikuwa karibu sekunde mbili, na bado alikuwa akiwapata wote. Mkono ulichelewa kwanza, kukosa kukafuata baadaye. Na jambo jingine nililigundua kwa bahati: doa la rangi ya machungwa lilikuwa likipungua ukubwa kadiri kikao kinavyokwenda. Nilidhani ni mwanga. Kumbe vidole vilikuwa vinajikunja taratibu kuwa ngumi kwa jinsi alivyojikaza, na ngumi ni ndogo kuliko kiganja. Sasa doa likipungua kwa theluthi, vipepeo wanatua kwenye tawi na skrini inamwambia apumue, auweke mkono wa kulia juu ya wa kushoto, anyooshe vidole kimoja kimoja. Hiyo ndiyo sehemu ya gemu ninayoipenda kuliko zote, na haina alama hata moja.

Jioni moja nilimkuta amekaa mbele ya laptopu, vipepeo wanakuja wanaondoka, naye anausogeza mkono kidogo tu kisha anauacha njiani. Nikaogopa. Nikamuuliza kama anajisikia vibaya.

"Nimewaacha makusudi," akasema. "Wanne. Na ona, wamekuja wakubwa, karibu na mkono. Kwa hiyo ile jana, mwanangu, nilishinda mimi au ulinishindia wewe?"

Sikuwa na jibu la haraka. Gemu za burudani hufanya hivyo bila kumwambia mtu. Resident Evil 4 ya mwaka 2005 humpimia mchezaji kimyakimya: ukifa sana, maadui wanalegea. Kwa mtu anayetafuta kupitisha jioni yake vizuri, siri hiyo ni sawa. Shangazi hakuwa anapitisha jioni. Alikuwa anataka kujua mkono wake umefika wapi, na mimi nilikuwa nimekificha kipimo chenyewe ili asiumie. Mtu mzima aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, nami nilimwachia ashinde kama mtoto.

Nilikaa chini nikamweleza yote: ngazi, vyumba sita, mara tatu mfululizo, kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mazuri kuliko ya wenzangu kazini. Kisha tukakubaliana. Chini ya skrini kunaandikwa umbali na upana wa kipepeo kwa sentimita, wakati wote. Programu ikitaka kubadilisha, inapendekeza, na yeye anakubali au anakataa kwa kitufe cha mshale, mkono wa kulia. Akitaka kupanda bila kupendekezewa, anapanda. Mtaalamu aliweka kikomo cha juu, kwa ajili ya zile siku za hasira, na shangazi hakukipinga. Tangu hapo hazungumzii alama. Anasema, "Leo nimefika 22, kiwiko hakikuuma." Na akikosa kwa umbali aliouchagua mwenyewe, hakunji mkono kifuani. Anaomba tena.

Najua kuna mifumo mikubwa kuliko soksi yangu. Kuna roboti zinazoushika mkono na kuusukuma pale tu unaposhindwa, kazi ambayo kina Hermano Igo Krebs na Neville Hogan waliifanya pale chuo kikuu cha MIT, Marekani, miaka ya tisini. Kinect, kifaa cha gemu cha Microsoft cha mwaka 2010, iliwapa watafiti wengi kamera inayoona viungo vikuu vya mwili, bila kitambaa cha kijani. Nikipata nafasi ya kumshauri anayeijenga mifumo hiyo, nitamwomba akae ubavuni mwa mchezaji kabla ya kuitazama grafu, na amwonyeshe mchezaji kila anachobadilisha.

Mwezi uliopita shangazi aliniambia vipepeo wamemchosha. Anataka kufunga vifungo vya blauzi yake. Kamera yangu haiwezi kuona vidole ndani ya soksi, na bila soksi haiwezi kuona chochote. Kwa hiyo nimeshonea vifungo kwenye vipande vitatu vya kitambaa: vya koti vilivyo vikubwa, vya sweta vilivyo vya wastani, na vya shati vilivyo vidogo. Kitambaa kinalala mezani pale vipepeo walipokuwa wakitua. Akifunga kifungo, anabonyeza kitufe, laptopu inaandika muda, na hiyo ndiyo gemu nzima. Ugumu anauchagua asubuhi kwa kunyoosha mkono na kuchukua kipande anachokitaka.

Jana alichukua cha shati. Alifunga kimoja kwa dakika mbili na sekunde 40. Cha pili kikamshinda, akapumzika, kikamshinda tena. Nilipotaka kukiondoa kile kitambaa ili tule, alikiwekea mkono juu. Wa kushoto.